Aliyebuni plagi ya SATA aliwahi kuingiza mkono ndani ya kasha kweli? Uzi wa malalamiko ya hadidiski

PlagiYaL (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Leo naomba tuuache ubishi wa SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) na hadidiski ipi bora. Nina donge langu, na nadhani mafundi wengi humu mnalo: namna hadidiski inavyofungwa na kuunganishwa, kwa plagi na nyaya za SATA za data na umeme, ndani ya kasha la kompyuta ya mezani. Diski zenyewe zimeenda mbali. Enzi za Windows XP mtu alitamba na gigabaiti 40, leo umbo lile lile la inchi 3.5 linabeba zaidi ya terabaiti 20. Ila kinachoishikilia diski hiyo isiachane na kompyuta ni kiulimi cha plastiki chenye umbo la L. Uvute waya ukiwa umekaa mshazari kidogo tu, kinakatika na kubaki ndani ya plagi. Diski haina kosa, sahani za ndani zenye data zinazunguka, data zote zipo, lakini hakuna pa kuchomeka.

Na kabla mtu hajaniambia sina mkono mwepesi: viwango vyenyewe vya SATA vinaitaka plagi ya waya wa ndani ivumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 50. Hamsini! Kwa kompyuta ya nyumbani inayofunguliwa mwaka hadi mwaka, sawa. Kwenye meza ya fundi, ambapo waya mmoja wa kupimia unapitia diski za wateja kutwa nzima, mara hamsini zinaisha lini?

Halafu kuna nyaya za umeme. Zinatoka kwenye pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) na vichwa vitatu au vinne kwenye mstari mmoja, na umbali kati ya kichwa na kichwa umepangwa na mtu aliyeamini diski zote hukaa ghorofa, moja juu ya nyingine. Mimi nina hadidiski chini, SSD nyuma ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na DVD juu kabisa. Kichwa cha kwanza kinafika vizuri. Cha pili kinaning'inia. Cha tatu nikikivuta kifike kwenye DVD, kinakichomoa kile cha kwanza.

Poti za data kwenye mazabodi nazo zimelazwa zikiangalia mbele, na kadi ndefu ya grafiki inakuja kukaa juu yake. Ukitaka kung'oa waya mmoja wa diski, ung'oe kwanza kadi, ufungue ubavu wa pili, utoe na kizimba cha diski. Ni kuvua nguo zote ili ujikune mgongo.

Karibuni mmwage ya moyoni. Mwenye dawa alete pia.

---

Nyakanga_TZ

Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

---

FundiMkongwe

Nimesoma nikacheka. Vijana wa SATA mna deko.

IDE mnaijua, ile iliyotangulia SATA? Waya bapa, mpana, wa nyuzi 40, baadaye nyuzi 80 ilipokuja kasi ya ATA/66. Urefu wake mwisho sentimita 46, na hapo unatakiwa ufikie diski mbili. Kichwa cha bluu kwenye mazabodi, cheusi kwa masta (diski ya kwanza), cha kijivu kwa sleivu (ya pili). Ukikosea jampa, kile kijiplagi cha kuchagua masta au sleivu nyuma ya diski, zote mbili hazionekani kwenye BIOS, programu ya mazabodi ya kuwashia kompyuta. Waya wenyewe unaziba upepo wa feni. Ukichomeka kwa pupa pini inalala, unaiinua kwa ncha ya sindano huku tochi umeing'ata kwa meno. Plagi ya umeme ndiyo ile ya matundu manne, Molex: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi mbili katikati. Kuiingiza shughuli, kuitoa vita. Kuna siku ilinitoka ghafla, vidole vikaenda kugonga ukingo wa bati.

SATA ilipoanza kutoka 2003 sisi tuliona tumekombolewa. Waya mwembamba, unaruhusiwa kufika mita moja, kila diski na waya wake, habari ya masta na sleivu imekwisha. Na kuna jambo mwanzisha uzi kaliruka: plagi ya hadidiski ya inchi 3.5, ya SSD, na ya diski ya laptopu ni ile ile. Unaitoa diski kwenye laptopu iliyovunjika kioo, unaichomeka kwenye mezani, unahamisha kazi za mteja. Enzi za IDE diski ya laptopu ilikuwa na pini 44 ndogo ndogo, bila adapta huendi popote.

Plagi haina shida kubwa hivyo. Wenye makasha ndio wa kuwekwa kitimoto.

---

PlagiYaL

Shikamoo mzee. Ya IDE nakubali. Lakini pini ya IDE ikilala unaiinua. Ulimi wa SATA ukikatika unainua nini?

---

FundiMkongwe

Marahaba. Hapo umenikaba.

Dawa ya dharura ipo. Plastiki ikikatikia ndani ya kichwa cha waya, usiitoe. Iache humo humo. Angalia vijibati vya diski kama bado vimenyooka. Vilivyopinda vinyooshe kwa kibano, taratibu. Kisha kirudishe kichwa cha waya chenye ile plastiki, kiingie kwa usawa, vijibati vilalie pale pale vilipokuwa. Ikisoma, usiiguse kompyuta, hamisha data zote saa hiyo hiyo. Wengine hutia gundi ili kisitoke tena. Kwa kuokoa kazi inafaa, ila diski hiyo usimrudishie mteja ukamwambia imepona.

---

MamaSteshenari

Samahanini kaka zangu, mimi si fundi. Nina duka la steshenari, tunachapa na kutoa kopi. Kompyuta yangu ya mezani asubuhi nyingine inawaka vizuri, asubuhi nyingine inaandika haioni diski ya kuwakia. Kijana wangu akilipiga kasha ubavuni, inakubali. Wakati mwingine inaganda katikati ya kazi, taa ya diski inawaka tu haizimi, baada ya muda inaendelea yenyewe. Fundi amesema diski imekufa ninunue mpya. Kwa mnavyozungumza hapa naanza kupata mashaka. Nifanyeje?

---

DataNiMali

Dada, usinunue kitu bado. Kwanza nakili mafaili yako ya muhimu kwenye flashi au diski ya nje, leo. Hilo halina mjadala, hata kama diski ni nzima.

Pili, weka programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Itakuonyesha jedwali la SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Usiishie kwenye lile neno la juu la hali ya diski. Shuka mpaka mstari wenye alama C7. Kwenye programu nyingine huandikwa 199. Hapo panahesabiwa mara ambazo data ziliharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Njiani, si ndani ya sahani. Kisha tazama 05, C5 na C6. Hizo ndizo zinazohusu sahani zenyewe. Tuletee namba za safu ya mwisho.

---

MamaSteshenari

Nimefanya kama ulivyosema kaka, mafaili nimeshayatoa. 05 ni sufuri tupu, C5 sufuri, C6 sufuri. C7 imeandika sufuri nyingi halafu 1A4. Hiyo A ni nini tena?

---

DataNiMali

Hiyo programu, isipobadilishwa, huandika kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita, ambako A ni kumi. 1A4 ni 420. Mara 420 taarifa zimefika zimechakaa na ikabidi zitumwe upya. Ndiyo sababu ya ile kuganda halafu kuendelea.

Sahani zako zote ziko safi. Mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa data au pale unapochomekwa. Mwambie fundi abadilishe waya, achague ule wenye klipu ya chuma kwenye vichwa vyote viwili, na auhamishie kwenye poti nyingine ya mazabodi. Avikague na vichwa vya umeme, maana hiyo habari ya kupigwa ubavuni inaashiria kitu kimelegea. Halafu usishangae: namba ya C7 haishuki hata tatizo likiisha. Cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda. Ikibaki 1A4 wiki nzima ya kazi, umepona.

Na yule kijana aache kupiga kasha. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 7200 kwa dakika, au 5400, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno.

---

Nyakanga_TZ

Duh. Kumbe diski ngapi zimetupwa jalalani kwa kosa la waya.

---

Mvita001

Nimeipenda hii. Mimi niko Mombasa, na waya peke yake haitoshi kuulaumu. Huku pwani hewa ina chumvi na unyevu. Kompyuta ikikaa karibu na dirisha, vijibati vya plagi vinafanya ukungu. Kwa macho huoni kitu, lakini mguso umeshakuwa hafifu. Nimeona kwenye maduka ya Old Town na kwenye ofisi za kule bandarini, kasha likifunguliwa vumbi lenyewe linanata.

Kabla sijabadilisha chochote huzima kabisa, nikachomoa waya wa ukutani, nikachomeka na kuchomoa kila kichwa kidogo ili kijisugue, kisha nasafisha vijibati vya diski kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi. Upande wa chini wa ile bodi ya kijani ya diski pia pana vijibati vinavyogusana na pini za ndani ya diski. Kwenye diski nyingi unafungua skrubu chache za nyota, unageuza bodi na kukuta madoa meusi. Kifutio cha penseli kinayaondoa, kwa mkono mwepesi. Diski kadhaa zilizokuwa zinatoweka zimefufuka kwa namna hiyo.

Halafu hizo klipu za chuma mnazozisifu: kuna poti kwenye mazabodi hazina ukingo wa kuishikia klipu. Klipu inabofya hewani. Mtu anasikia "tik" anaridhika.

---

PlagiYaL

Na zile zenye klipu inayoshika kweli, ukisahau kuibonyeza unang'oa poti nzima kutoka kwenye mazabodi. Hapo hapo karibu na kadi ya grafiki, kidole hakifiki.

---

Msee_wa_Kebo254

Niaje wakuu. Wacha na mimi niongeze ya kwangu kutoka Nairobi.

Mimi shida yangu kubwa ni kompyuta za ofisi, hizi ndogo za mtumba zinazokuja kutoka Ulaya na Marekani. Bei nzuri, kazi safi, nyaraka zote zinaenda. Sasa jaribu kuongeza diski ya pili. Unafungua unapata pawasaplai haina waya hata mmoja wa diski. Umeme wa diski unatoka kwa mazabodi yenyewe, kupitia plagi kadogo ambayo kila kampuni imejichorea yake. Waya huo ukipotea, dukani hakuna, unaanza kuzunguka mtaa wa Luthuli kuuliza duka moja baada ya lingine. Na pawasaplai yenyewe si ya kawaida, hauwezi tu kuweka ingine.

Skrubu nazo! Kuna kampuni moja inatumia skrubu zenye mpira wa bluu, ndizo zinaongoza diski iteleze kwa kizimba. Za akiba zimefungwa mbele ya kasha kwa ndani, wengi hawajui. Mwenye aliuza amezitoa. Unabaki na diski imelala chini ya kasha kwa kipande cha katoni.

---

FundiMkongwe

Kipande cha katoni ni ugonjwa wa nchi nzima. Nimeshawakemea sana vijana wa hapa kwangu. Diski unaweza kuiweka imelala, imesimama kwa ubavu, hata kichwa chini, watengenezaji wanaruhusu. Kinachokatazwa ni kuiacha huru. Inatetema, inahama, bodi yake ya chini inagusa bati, kazi imekwisha. Na mtu akilibeba kasha kulipeleka ofisi nyingine, diski inatembea ndani ikining'inia kwa nyaya zake, ndipo ule ulimi wa L unapokatika.

Nami niongeze la skrubu, maana vijana huzichanganya. Hadidiski ya inchi 3.5 hutumia skrubu nene yenye uzi mpana, 6-32. SSD ya inchi 2.5 na DVD hutumia M3, uzi wake mwembamba. Ukitia M3 kwenye hadidiski inapwaya, inaingia na kutoka bila kushika. Ukilazimisha 6-32 kwenye SSD unakula uzi wa tundu, skrubu haitoki tena. Weka vikopo viwili mezani, yaishe.

---

DataNiMali

Na matundu yamehama, mzee. Diski za zamani zina matundu matatu kila ubavu. Nyingi za hizi kubwa za terabaiti nyingi zimeondoa lile la katikati, na ya chini yamesogezwa, kwa sababu ndani wamejaza sahani. Unanunua kasha lenye trei za kubana kwa pini, pini inatafuta tundu la katikati, halipo. Trei inashika upande mmoja tu, na diski inaanza kuvuma usiku.

---

BandariyaMatrah

Assalaam aleikum jamaa. Nawasoma nikiwa Muscat, asili yangu Unguja.

Hamjagusa kitu kimoja kilichoniumiza kichwa. Huku watu hununua diski za nje za USB, zile kubwa, kwa sababu zikiwa kwenye punguzo huwa rahisi kuliko diski tupu. Unapasua ganda, unatoa diski ya inchi 3.5 ya SATA, unaifunga ndani ya kompyuta yako. Nimefanya hivyo: nikawasha, kimya. Haizunguki, haitetemi, BIOS haiioni. Nikairudisha kwenye ganda lake la USB, inafanya kazi.

Ilikuwa hivi. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15, na zile tatu za mwanzo ziliwekwa kwa ajili ya volti 3.3. Toleo la SATA 3.3 la mwaka 2016 liliipa pini ya tatu kazi nyingine: ukiipelekea umeme, diski inazimika. Imekusudiwa kwa wenye seva, ili waweze kuizima na kuiwasha diski iliyoganda bila kuigusa. Sasa pawasaplai ya kawaida inapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, kwa utaratibu wa zamani. Diski inatii, inakaa imezima milele.

Dawa yake ni kuziba pini hiyo ya tatu kwa kipande chembamba cha teipu ya Kapton, ile ya rangi ya kahawia isiyoyeyuka kwa joto. Ukiziba zote tatu pia sawa, hadidiski hizi hazizihitaji.

---

PlagiYaL

Waalaikum salaam ndugu yangu. Yaani pini ile ile, mwaka huu inasema washa, mwaka ule inasema zima. Na plagi haikubadilika umbo hata chembe. Ndicho ninacholalamikia kwenye huu uzi!

Sasa, mtu asiye na teipu si anaweza kutumia adapta ya Molex kwenda SATA? Molex haina volti 3.3.

---

DataNiMali

Anaweza, lakini hapo nitapiga kelele kidogo mnisamehe.

Adapta za Molex kwenda SATA ziko za namna mbili. Kuna ambazo kichwa cha SATA kimemiminiwa plastiki nyaya zikiwa tayari ndani, huoni maungio. Hizo ziogopeni. Ndani nyaya za njano na nyekundu zimekaribiana, plastiki ikilainika kwa joto zinagusana, moto. Nyingine kichwa chake kina kifuniko cha kubana nyuma, kila waya umekaa kwenye mfereji wake na unaonekana. Kama lazima, chukua hiyo.

Na msigawanye ovyo. Kila pini ya plagi ya umeme ya SATA imepangiwa ampea 1.5, na volti 12 zina pini tatu, kwa hiyo kichwa kimoja mwisho wake ampea 4.5. Hadidiski ya inchi 3.5 wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2. Weka kigawanyo cha diski nne kwenye kichwa kimoja, ziwashe zote kwa pamoja, piga hesabu mwenyewe. Molex inabeba zaidi, kwa hiyo kugawanya kuanzia kwenye Molex ni afadhali, mradi adapta yenyewe iwe ya maana.

Lakini kuna baya kuliko hilo. Pawasaplai zenye nyaya za kuchomoa. Upande wa diski plagi ni ya viwango. Upande wa pawasaplai hakuna kiwango chochote, kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja hubadilisha kati ya modeli na modeli. Plagi zinafanana, zinaingia bila kulazimisha. Nililetewa kompyuta ya studio moja ya picha. Jamaa alibadilisha pawasaplai tu, nyaya za zamani akaziacha kwa sababu zilikuwa zimeshapangwa na kufungwa vizuri. Volti 12 zikaingia mahali pa volti 5. Diski zote zikafa kwa mpigo mmoja, pamoja na ile ya nakala, kwa sababu nayo ilikuwa ndani ya kasha hilo hilo.

Zilipona? Baadhi. Kwenye bodi ya diski huwa kuna dayodi ndogo za kinga pale umeme unapoingilia. Volti zikizidi zinajitoa mhanga na kufunga njia. Fundi wa bodi akipima na kukuta iliyokufa ni hiyo tu, anaiondoa, diski inawaka kwa muda wa kutosha kuhamisha kazi. Bila kinga tena, kwa hiyo siyo ya kuendelea kutumia.

---

Nyakanga_TZ

Mkuu hii yako ingekuwa na uzi wake. Mods wasiipoteze.

---

kijana_wa_mtumba

Wakuu nauza hadidiski za seva, terabaiti 4, safi kabisa, bei ya kutupa. PM.

---

FundiMkongwe

Kijana, ni SATA au SAS, zile za plagi ya seva? Sema hapa hadharani.

---

kijana_wa_mtumba

SAS mzee. Lakini plagi inafanana, na adapta natoa bure.

---

FundiMkongwe

Basi wanaosoma wasikie. Diski ya SAS kati ya plagi ya data na ya umeme haina pengo, pamezibwa, makusudi, ili waya wa SATA usiingie. Diski ya SATA inakubali kwenye seva ya SAS, ila ya SAS haikubali kwenye mazabodi ya nyumbani. Hiyo adapta ya bure inakuwezesha kuchomeka tu. Mazabodi na diski hazizungumzi lugha moja, utaisikia inazunguka na BIOS haitaiona kamwe. Inataka kadi yake maalumu ya SAS. Mwenye kadi akanunue kwa kijana, bei ni nzuri. Asiye na kadi apite mbali.

---

kijana_wa_mtumba

Mzee umeniharibia soko 😂

---

MamaSteshenari

Kaka zangu nimerudi. Fundi kabadilisha waya akaweka wenye klipu, kwenye poti nyingine. Ule wa zamani alipouchomoa ulitoka wenyewe tu hata hakuvuta. C7 bado ni 1A4, na haijaganda tena. Lakini sasa ikiwaka inaniambia nibonyeze F1, na saa imerudi miaka ya nyuma. Jana umeme ulikatika, uliporudi Windows ikakataa kuwaka kabisa, skrini ya bluu, imeandika haifikii kifaa cha kuwakia. Fundi akarudi kwenye wimbo wa diski mpya.

---

Mvita001

Dada, hiyo F1 na saa kurudi nyuma ni ile betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, CR2032. Imekwisha. Umeme wa ukutani ukikatika, mazabodi inasahau mipangilio yake yote na kurudi ya kiwandani. Mojawapo ni namna ya kuzungumza na diski za SATA: AHCI, RAID, na kwenye za zamani IDE. Windows yako iliwekwa kwa namna moja, mazabodi imeamka na nyingine, hawaelewani, ndiyo hiyo skrini ya bluu. Diski haijui lolote.

Weka betri mpya, ingia BIOS, tafuta mpangilio wa SATA. Kama ni AHCI weka RAID, kama ni RAID weka AHCI, hifadhi, washa. Moja kati ya hizo itawaka. Ukiipata, iandike kwenye karatasi ubandike ndani ya mfuniko wa kasha.

---

MamaSteshenari

Imewaka kwa AHCI. Betri nimenunua duka la saa. Mungu awabariki, na huyo fundi nimemtumia huu uzi.

---

Nyakanga_TZ

Atauona wapi, yuko bize anauza diski 😂

---

BandariyaMatrah

Swali la pembeni kwa mwanzisha uzi: ungepewa wewe kalamu, ungebuni vipi?

---

PlagiYaL

Kwenye seva walishabuni. Diski unaisukuma kutoka mbele, nyuma inakutana na bodi yenye plagi zilizokazwa, inajichomeka yenyewe, data na umeme kwa pamoja. Plagi za namna hiyo kiwango kinazitaka zivumilie mara 500, mara kumi ya zile za waya. Pini nyingine za umeme zimefanywa ndefu kidogo ziguse mapema, ili uweze kuchomeka mashine ikiwa imewaka. Kila kitu kimo ndani ya SATA hii hii tangu zamani. Makasha machache ya mezani yanakuja na bodi hiyo ya nyuma, mengi wamebana senti wakatuachia nyaya. Nisingebuni lolote jipya, ningewalazimisha kutumia kilichopo.

Na poti kwenye mazabodi zisimame wima, mbali na kadi ya grafiki. Hilo hata halina gharama.

---

Msee_wa_Kebo254

Wadau, SOS kidogo. Leo nimeweka NVMe, ile SSD bapa isiyo na kebo, kwa ile nafasi ya M.2 kwenye mazabodi, nikaona nimeachana na kebo maisha yangu yote. Kuwasha, NVMe inaonekana fiti, lakini hadidiski yangu ya zamani imetoweka. Sijaigusa! Waya ni mpya, nimebadilisha mara mbili, hakuna. Usiniambie nayo imekufa leo leo.

---

DataNiMali

Haijafa. Njia za data kwenye mazabodi zina idadi yake, na bodi nyingi zinazigawana kati ya M.2 na baadhi ya poti za SATA. Ukijaza M.2, poti hizo zinazimwa. Kitabu cha mazabodi kinaandika ni zipi, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Diski yako iko poti namba ngapi?

---

Msee_wa_Kebo254

Ngoja, namba ziko chini ya kadi ya grafiki, lazima niitoe kwanza.

...

Ilikuwa poti ya 5. Kitabu kinasema 5 na 6 zinazimwa. Nimeisongesha hadi 2, imetokea. Shukran sana, wacha nirudishe kadi.

---

FundiMkongwe

Kabla hujairudisha hiyo kadi, chomeka waya wa akiba kwenye poti ya 3 sasa hivi, kichwa cha pili ukiache karibu na kizimba.

---

Msee_wa_Kebo254

Mzee, nishaifunga kadi na skrubu zote.